UKURASA WA VIJANA: Kambini Asikae Mtu Pembeni



Mwezi huu tutazungumza juu ya michezo ya vijana kambini. Shule hufungwa mwezi Juni na mwezi Desemba. Wakati huo shule, vikundi vya skauti, vikundi vya dini na vikundi vya vijiji huwakusanya vijana. Vijana hulala pamoja siku tatu, nne au wiki nzima. Wanajifunza, wanafanya kazi, wanaimba na wanacheza.

Huenda wewe ni mwalimu. Huenda wewe ni mzazi uliyeombwa kusaidia. Huenda wewe ni kijana uliyechaguliwa kuwa kiongozi. Umeambiwa, "Michezo ni kazi yako." Je, utaanzia wapi?

Watu wengi huanzia kwenye mpira. Wanatupa mpira uwanjani na kusema, "Haya, chezeni!" Kisha wanakwenda kukaa kivulini. Sasa tufanye hesabu ndogo. Kambi ina vijana 40. Mpira wa miguu unachezwa na watu 22. Ukitoa 22 katika 40, wanabaki 18. Hao 18 wanafanya nini?

Wengine wanatazama. Wasichana wengi wanaitwa jikoni kumenya ndizi. Yule mwenye mguu mbovu anapewa kazi ya kulinda viatu. Na vijana wawili watatu wanaondoka kimya kimya. Hakuna aliyewaona. Wamekwenda bondeni kuogelea kwenye ndiva.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana anayecheza yuko mbele ya macho yako. Kijana aliyekaa pembeni, baada ya muda, haupo tena ulinzi wake. Na hata kama haondoki, anarudi nyumbani na somo baya. Anajua kwamba kambi ilikuwa ya wengine. Mwaka ujao haji.

Kwa hiyo kanuni yetu ya mwezi huu ni moja tu: KAMBINI ASIKAE MTU PEMBENI. Mambo mengine yote tutakayosema yanatokana na kanuni hiyo.

CHAGUA MAHALI KWANZA

Wilaya yetu ya Same ina sura mbili. Chini ni tambarare. Kuna jua kali, vumbi na upepo. Huko ndiko uliko mji wa Same, na Makanya, Hedaru, Kisiwani na Ndungu. Juu ni milima ya Upare. Kilele cha Shengena kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Huko kuna ukungu, baridi na umande. Mpango wa michezo unaofaa Hedaru haufai Mbaga au Vudee.

Ukiwa tambarare, adui wako ni jua. Chezeni kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4. Kisha pumzikeni kivulini. Anzeni tena saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni.

Ukiwa mlimani, adui wako ni umande na mteremko. Asubuhi majani yamelowa na udongo unateleza. Anzeni saa 3, jua likishakausha majani. Malizeni saa 11 jioni, kabla baridi haijashuka. Kijana aliyetoka jasho abadili nguo mara moja, asikae na shati bichi.

Kabla ya siku ya kwanza, uzunguke uwanja kwa miguu. Usiukague kwa macho tu. Okota vipande vya chupa na miba. Fukia mashimo. Tazama mambo manne yafuatayo:

1. Ndiva. Wapare tangu zamani wamechimba ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Ndiva nyingi hujaa usiku, na maji hufunguliwa asubuhi. Kwa hiyo ndiva uliyoiona jana jioni ikiwa na maji ya magoti, leo alfajiri yaweza kumzamisha mtu mzima. Chini kuna matope yanayoshika miguu. Mwiko uwe mmoja: hakuna mchezo karibu na ndiva, wala kuoga ndani yake.

2. Mteremko mkali. Usipige hema wala kulaza vijana chini ya mteremko mkali uliolimwa, hasa mvua za vuli zinaponyesha. Mwezi Novemba mwaka 2009 maporomoko ya ardhi yalifukia nyumba huko Goha, katika Mamba Miamba. Watu zaidi ya 20 walikufa. Kambi za Desemba ziukumbuke msiba huo.

3. Wanyama. Mkomazi ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Vijiji vilivyo karibu nayo vinajua kwamba tembo hawasomi ramani. Huko michezo ya kujificha vichakani haifai kabisa, na michezo ya usiku ifanyike ndani ya ua tu.

4. Msitu. Msitu wa Chome umehifadhiwa. Usiwaingize vijana humo bila kibali cha watu wa misitu. Na mkipata kibali, ingieni na mwenyeji anayezijua njia.

Ukishachagua mahali, mwone mwenyekiti wa kitongoji na afisa mtendaji wa kijiji. Waeleze vijana ni wangapi, wanatoka wapi na watakaa siku ngapi. Pata ruhusa ya kila mzazi kwa maandishi. Kama wavulana na wasichana wapo pamoja, lazima wawepo watu wazima wanaume na wanawake. Mtu mzima asijitenge na kijana mmoja mahali pa faragha. Sheria hii humlinda kijana, na humlinda mtu mzima pia.

ULIZA HALI YA KILA KIJANA

Chukua daftari. Andika jina la kila kijana na ulizia afya yake. Muulize mzazi, usimuulize kijana mbele ya wenzake.

Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, isibaki ndani ya sanduku. Mwenye seli mundu anywe maji mengi, avae nguo za joto na asikimbizwe mpaka achoke kabisa. Mwenye ualbino acheze asubuhi na jioni, avae kofia pana na shati la mikono mirefu. Msichana aliye katika siku zake awe na mahali pa faragha pa kujisafisha, na awepo mama wa kumwambia shida yake bila aibu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekatazwa kucheza. Daftari ni la kukusaidia kupanga, si la kuwatoa watu nje.

Hapa kuna kosa ambalo viongozi wengi hulifanya kwa nia njema. Kijana mwenye ulemavu hupewa filimbi. "Wewe utakuwa mwamuzi," wanamwambia. Siku ya kwanza anafurahi. Siku ya pili anapewa filimbi tena. Siku ya tatu tena. Ndugu, hiyo ni namna nyingine ya kumkalisha pembeni. Filimbi iende kwa zamu. Leo huyu, kesho yule.

GAWA VIKOSI

Mwaka 1907 Mwingereza mmoja, Robert Baden-Powell, aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Walikaa kambini siku chache. Wengine walikuwa watoto wa matajiri waliosoma shule kubwa. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Hakuwaacha wajipange wenyewe, tajiri na tajiri, maskini na maskini. Aliwachanganya katika vikosi vidogo vidogo, na kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake kijana. Kutoka hapo chama cha skauti kilienea duniani. Baden-Powell alikufa Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko.

Jambo la kujifunza hapo ni kuchanganya. Ukiwaambia manahodha wawili wachague watu wao, unajua kitakachotokea. Wenye mbio watachaguliwa kwanza. Yule mnene, yule mpole na yule mgeni watabaki mwisho, wamesimama huku wote wanawatazama. Usifanye hivyo.

Fanya hivi. Panga vijana wote kwenye mstari kwa kimo. Wahesabu moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Wenye moja ni kikosi cha kwanza, wenye mbili ni kikosi cha pili, na kuendelea. Vijana 40 watakuwa vikosi vinne vya watu 10. Wasichana wapange mstari wao na wavulana wao, kisha waunganishwe. Kila kikosi kitakuwa na warefu na wafupi, wasichana na wavulana, watu wa tambarare na watu wa mlimani. Vikosi vyenyewe vijipe majina. Shengena, Mkomazi, Vudee, Gonja: majina hayatakosekana.

VIFAA

Usingoje fedha. Vifaa vingi viko nyumbani:

- Mipira mitatu laini ya matambara au ya mifuko, iliyofungwa kwa kamba.
- Kopo kubwa tupu lisilo na ncha kali.
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita.
- Kamba nene ya katani.
- Vikombe vinne na ndoo.
- Majivu ya kuchorea mistari uwanjani.
- Filimbi moja.
- Sanduku la huduma ya kwanza.

Na maji ya kunywa! Ndoo mbili za lita 20 ni lita 40. Kwa vijana 40 hiyo ni lita moja kila mmoja. Hicho ndicho kiasi cha michezo ya asubuhi peke yake. Alasiri jaza tena. Maji yachemshwe na yapoe. Ndoo zikae kivulini karibu na uwanja, si jikoni. Piga filimbi kila baada ya nusu saa, watu wote wanywe. Usingoje mtu aseme ana kiu.

Sasa twende kwenye michezo yenyewe. Tumechagua mitano.

1. KOMBOLELA

Mchezo huu unaujua tangu utotoni. Kopo linawekwa katikati ya duara. Mlinzi anafumba macho na kuhesabu. Wengine wanajificha. Mlinzi akimwona mtu, anataja jina lake na kukimbilia kopo. Akiligusa kwanza, aliyetajwa ni mateka. Anasimama karibu na kopo. Lakini mtu ambaye bado amejificha akitoka na kulipiga kopo teke kabla ya mlinzi kuligusa, mateka wote wako huru!

Tazama hekima ya mchezo huu. Jina lake lenyewe latukumbusha neno kukomboa. Aliyekamatwa hajaondoka katika mchezo. Anasubiri ndugu yake amkomboe. Na anayekomboa si lazima awe mwenye mbio. Mara nyingi ni yule mpole aliyejilaza kimya nyuma ya kichuguu, ambaye watu wote wamemsahau.

Kwa kambi, ongeza mambo matatu. Kwanza, kwa vijana 20 weka walinzi wanne, maana mmoja atachoka. Pili, weka mipaka kwa majivu au vitambaa, na useme wazi: "Aliyevuka mpaka ameharibia kikosi chake." Tatu, kila mchezo uwe wa dakika 10. Filimbi ikilia wote watoke, na uwahesabu. Hesabu kila mara. Idadi ya waliotoka iwe sawa na idadi ya waliojificha.

2. REDE

Zipo namna nyingi za kucheza rede. Namna hii yafaa kambini. Chora mistari miwili, hatua 15 kutoka mmoja hadi mwingine. Kikosi cha kwanza kinagawanyika, nusu upande huu na nusu upande ule. Wao ndio warushaji. Kikosi cha pili kinasimama katikati. Hapo katikati kuna chupa tupu na fungu la mchanga. Walio katikati wanakwepa mpira, na papo hapo wanajaza mchanga ndani ya chupa. Ikijaa wanaimwaga na kuanza tena.

Kwa kawaida anayepigwa mpira hutoka. Sasa fikiri. Nani hupigwa kwanza? Ni yule asiyejua kukwepa. Yeye ndiye anayehitaji zaidi kucheza, na yeye ndiye anayekaa nje muda mrefu kuliko wote. Kwa hiyo tuweke sheria ya kurudi. Aliyepigwa anakwenda kwenye foleni pembeni. Kila mara mwenzake anapoudaka mpira hewani, wa kwanza katika foleni anarudi. Kila chupa inapojaa, wawili wanarudi.

Mpira uwe laini. Mpigo wa kichwani hauhesabiwi, na aliyeurusha anaomba radhi. Baada ya dakika tano vikosi vibadilishane. Kilichojaza chupa nyingi kimeshinda.

3. MAJI KWA MCHE

Katika Same maji ni mali. Hatuchezi kwa kuyamwaga bure. Basi panda au chagua miche minne, kila kikosi na mche wake. Kwenye mstari wa kuanzia weka ndoo ya maji yaliyooshea mboga. Hatua 30 mbele, karibu na mche, weka chombo kingine.

Kila mtu anachota kikombe kimoja, anakwenda, anamimina katika chombo, anarudi na kumpa kikombe mwenzake. Watu wote 10 wakishamaliza, pima maji yaliyofika. Kikosi chenye maji mengi kinashinda. Kisha maji yote yanamwagiwa mche.

Utaona jambo la ajabu. Mwenye mbio nyingi anamwaga njiani. Anayekwenda taratibu anafika na kikombe kimejaa. Mchezo huu huwapa heshima wasio na mbio. Na baada ya kambi kijiji kinabaki na miti.

4. KUFUATA ALAMA

Asubuhi mapema viongozi wawili watangulie na kuweka alama njiani. Mawe matatu mafupi yaliyopangwa kama mshale maana yake pita huku. Vijiti viwili vilivyopishana maana yake usipite. Njia isizidi kilomita mbili, iwe salama, na mtu mzima asimame kila penye njia panda.

Vijana waende watano watano. Njiani wapate maswali. Mathalani: Kadirini upana wa mfereji huu bila kuuruka. Tajeni miti mitatu na matumizi ya kila mmoja. Mwamkieni mzee wa nyumba ile, mkamwulize jina la kijiji hiki lina maana gani kwa Kipare. Mzee huyo uwe umezungumza naye mapema, ili asishtuke kuona kundi linabisha hodi.

Na sheria kubwa ni hii: alama zinatolewa kwa kundi lililofika watu wote watano. Wakifika wanne, alama ni sifuri, hata kama wamefika wa kwanza. Ukiweka sheria hiyo, hutahitaji kuwahimiza wasimwache mwenzao. Mwendo wa kundi utakuwa mwendo wa yule wa mwisho.

5. KUVUTA KAMBA

Mchezo huu ni wa zamani duniani. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1920 ulikuwa hata katika Michezo ya Olimpiki. Kambini unafaa sana, maana mnene na mzito, ambaye mbioni anachekwa, hapa anaombwa aje upesi.

Lakini ndugu, kamba ni kitu cha hatari. Mtu asizungushe kamba mkononi, kidoleni wala kiunoni. Kamba ikivutwa na watu kumi inaweza kukata vidole. Shikeni kwa viganja tu. Kagua kamba yote kabla ya kuanza. Ikiwa imechakaa, usiitumie. Watu wote wawe wamesimama juu ya udongo au majani, pasiwe na mawe nyuma yao. Na wanaovuta wasiachie kamba kwa ghafla ili wenzao waanguke. Kikosi kitakachofanya mzaha huo kimeshindwa.

JIKONI NI KWA ZAMU

Sasa tuseme jambo moja bila kuficha. Unaweza kupanga michezo mizuri kabisa, lakini kama wasichana wanapika wakati wavulana wanacheza, umeharibu kazi yako. Nyumbani msichana tayari anachota maji, anatafuta kuni na kulea wadogo. Akija kambini akute kazi zile zile?

Dawa yake ni ratiba. Una vikosi vinne. Kila siku kikosi kimoja kiwe na zamu ya jikoni na usafi, wavulana na wasichana wote wa kikosi hicho. Mvulana amenye ndizi. Achambue mchicha. Asonge ugali. Mikono haitakatika. Na michezo mikubwa iwekwe wakati ambapo chakula hakipikwi, ili hata wenye zamu waicheze.

Waambie wasichana mapema waje na kaptura au suruali ya kuvaa chini ya sketi au gauni. Msichana anayeogopa nguo yake kupeperuka hatakimbia. Atasema, "Mimi sijisikii kucheza." Kumbe anataka sana.

MTU AKIUMIA

Simamisha mchezo. Aliyeteguka mguu apumzike, awekewe kitambaa chenye maji baridi, na mguu uinuliwe juu. Usiuvute wala kuuchua kwa nguvu. Aliyezidiwa na jua apelekwe kivulini, alegezwe nguo, apanguswe kwa maji na anywe kidogo kidogo.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe asitembee. Usimchanje. Usimnyonye sumu. Usimfunge kamba ya kukaza. Mpelekeni hospitali haraka, naye akiwa amebebwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kambi kuanza, ujue zahanati au kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na ujue gari au pikipiki ya nani itatumika usiku. Andika namba za simu za watu hao katika lile daftari lako.

KAMA MSARAGAMBO

Ndugu msomaji, watu wa Upare tunajua neno msaragambo. Baragumu likipigwa, watu hutoka kwenda kufanya kazi ya wote. Kwa msaragambo watu wamelima barabara, wamezibua mifereji, wamejenga shule. Mwenye nguvu huinua jiwe kubwa. Asiye na nguvu hubeba dogo, maana hata ukuta mkubwa una matundu yanayohitaji kokoto. Hakuna anayeambiwa, "Wewe kaa pale ututazame."

Michezo ya kambini iwe vivyo hivyo. Jioni ya kila siku, kabla ya hadithi na vitendawili, kaa na viongozi wa vikosi kwa dakika 10. Usiwaulize kwanza nani ameshinda. Waulize: "Leo nani hakucheza?" Watataja jina moja au mawili. Waulize sababu. Labda viatu vimemchuna. Labda amechekwa. Labda hajui sheria na anaona aibu kuuliza. Kesho yake asubuhi, mpango wa michezo uanze na hao.

Siku ya mwisho utapenda kutoa zawadi. Toa kwa kikosi, usitoe kwa mtu. Muwa mmoja mrefu uliokatwa vipande kumi unatosha.

Tuonane tena mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kambi ina vijana 60. Wakicheza mpira wa miguu watu 22, wangapi watabaki? Mtawapa mchezo gani?
2. Kwa nini ndiva ya alfajiri ni ya hatari kuliko ndiva ya jioni?
3. Katika rede, kwa nini tumeweka sheria ya kurudi?
4. Tajeni mchezo mmoja wa zamani wa kijijini kwenu. Je, aliyeshindwa hutoka au huendelea? Mtaubadilishaje ili asikae mtu pembeni?
5. Vijana 30 watahitaji ndoo ngapi za lita 20, kama kila mmoja atakunywa lita mbili kwa siku?